Mchanga Huu Umetoka Mlima Gani?

Mpe fundi mwashi mchanga kiganjani, atakuambia kama ni wa mtoni au wa baharini. Atausugua kwa vidole, pengine auonje kama una chumvi. Sisi wanajiolojia tunaletewa swali gumu kidogo: mchanga uliogeuka jiwe tangu zama za dinosaria ulitoka wapi, ilhali mto uliouleta ulishakauka na mlima wenyewe umelika ukabaki vilima?

Mfano ninaoupenda ni jiwe la mchanga liitwalo Navajo, lililojenga kuta nyekundu na nyeupe za hifadhi ya Zion, jimbo la Utah, magharibi mwa Marekani. Pale Zion unene wake unapita mita 600. Lilikuwa jangwa la matuta yapata miaka milioni 190 iliyopita. Mistari ya mshazari unayoiona ukutani ni miteremko ya matuta hayo, na inaonyesha kuwa upepo ulivuma kutoka kaskazini. Basi jibu likaonekana jepesi: mchanga nao umetoka kaskazini.

Punje za kwatzi, ambazo ndizo nyingi, hazisaidii sana, kwa kuwa kwatzi ya huku na ya kule zinafanana. Shahidi mzuri ni zirkoni, kipunje cha madini kinachojificha miongoni mwa maelfu ya punje nyingine. Zirkoni huzaliwa hasa katika ujiuji wa moto unaopoa na kuwa itale. Inapojijenga hukaribisha urani, metali yenye mionzi, lakini huikataa risasi, ile metali nzito laini. Urani nayo haitulii. Hugeuka risasi polepole, kwa mwendo usiobadilika. Tena ziko urani za aina mbili: nusu ya urani-238 huisha kwa miaka bilioni 4.47, na nusu ya urani-235 kwa miaka milioni 704. Hivyo risasi tunayoikuta ndani ya punje imezaliwa humo humo, na tuna saa mbili katika kipande kimoja. Zikisema umri mmoja tunaiamini punje. Zikipishana, tunaitilia shaka.

Kazi yenyewe mchimbaji mdogo wa dhahabu ataielewa upesi. Jiwe linasagwa, unga unaoshwa kwa maji kama anavyoosha yeye kwa karai, vyepesi vinaondoka na vizito vinabaki. Zirkoni ina uzito wa zaidi ya mara nne na nusu ya maji. Kwatzi haifiki hata mara tatu. Kisha sumaku inaondoa madini yenye chuma, punje zinapangwa chini ya hadubini, zinagandishwa kwenye gundi ngumu na kusuguliwa mpaka tumbo lake lionekane. Leza inachimba kishimo chembamba kuliko unywele, na mashine inahesabu atomi za urani na za risasi. Hayo hurudiwa kwa punje mia na zaidi. Punje moja ni uvumi tu.

William Dickinson na George Gehrels wa Chuo Kikuu cha Arizona walichapisha mwaka 2003 umri wa punje za mawe ya namna hii kutoka nyanda za Colorado, Navajo likiwemo. Karibu nusu ya punje zilionyesha umri wa milima ya Appalachian, upande wa pili kabisa wa bara: kundi la zaidi kidogo ya miaka bilioni moja, na kundi changa la kati ya miaka milioni 500 na 300 hivi. Maelezo yao ni kwamba mito mikubwa ilivuka bara kuelekea magharibi, ikamwaga mchanga kaskazini mwa jangwa, ndipo upepo ukausukuma kusini. Upepo haukusema uongo. Ulieleza sehemu ya mwisho tu ya safari.

Njia hii ina mitego yake. Umri wa punje si umri wa jiwe. Unatuambia tu kwamba jiwe haliwezi kuwa kongwe kuliko punje yake changa kabisa. Pia punje ngumu kama hii inaweza kuingia katika jiwe moja, ikamomonyoka, ikasafiri, ikaingia katika la pili. Na mlima wa lava nyeusi ya basalti utatoa mchanga mwingi lakini zirkoni kiduchu, kwa hiyo ni rahisi kuusahau katika hesabu. Huku kwetu Tanzania mambo ni mazuri zaidi: itale za kanda ya Ziwa Victoria zina umri wa miaka zaidi ya bilioni 2.5, wakati miamba ya Usambara na Uluguru ilipikwa upya yapata miaka milioni 640 iliyopita. Zirkoni za pande hizo mbili si rahisi kuzichanganya.

Kuhusu Navajo, kulikuwa na njia ya kukagua jibu. Urani ikioza hutoa pia heliamu, gesi inayotoroka punje ikiwa na moto na kunaswa ikipoa chini ya nyuzi 180 hivi. Hiyo ni saa nyingine, ya kupoa. Mwanajiolojia Jeffrey Rahl na wenzake, mwaka huo huo wa 2003, walipima saa ya risasi na ya heliamu katika punje moja moja za Navajo. Nyingi zilizozaliwa miaka bilioni moja na ushei iliyopita zilikuwa zimepoa kati ya miaka milioni 500 na 225 iliyopita, yaani wakati Appalachian ikiinuka na kumomonyoka. Leo kilele kirefu cha milima hiyo, Mount Mitchell, kina mita 2,037. Hata Uluguru imekipita.