Fizi zisizotoka damu

Wavutaji sigara wengi wakikaa kwenye kiti changu huniambia kwa kujiamini: "Daktari, mimi sijawahi kutoka damu kwenye fizi." Nikipima, kifaa kinazama milimita 6 au 7 kati ya jino na ufizi, mahali ambapo kwa mtu mzima wa afya hakipiti 3. Jino linacheza. Mfupa ulioshika mzizi umeshaliwa.

Nikotini hubana mishipa midogo ya damu. Ufizi mgonjwa ambao kwa asiyevuta ungevimba, ukawa mwekundu na kutoka damu kila anapopiga mswaki, kwa mvutaji hubaki umepauka na mgumu, kama hauna neno. Huku nyuma kinga ya mwili imedhoofika na bakteria wanaendelea na kazi yao chini kwa chini. Ndiyo maana anayeacha sigara anaweza kuanza kutoka damu majuma machache ya mwanzo. Usiogope, na tafadhali usirudie sigara kwa ajili hiyo. Mishipa imefunguka, njoo tuondoe ukoga, tiba ianze.

Watumiaji wa ugoro na tambuu ya tumbaku huniambia wao hawavuti moshi, kwa hiyo wamesalimika. Hawajasalimika. Ugoro hutiwa magadi, tambuu hutiwa chokaa, na vyote viwili huharakisha nikotini kupenya ngozi laini ya kinywa. Popoo yenyewe, ile kokwa inayotafunwa ndani ya tambuu, hata bila tumbaku, husababisha saratani ya kinywa.

Swali langu la kwanza kwao ni: "Mzee wangu, huwa unauweka upande gani?" Kisha navuta shavu au mdomo wa chini upande huohuo. Mara nyingi nakuta ngozi imekunjamana, ufizi umeshuka, mzizi uko wazi. Wakati mwingine pana doa jeupe ambalo hata ukilisugua kwa kitambaa halitoki. Hilo huninyima usingizi, maana baadhi ya madoa hayo hugeuka saratani, na mwanzoni hayaumi hata kidogo. Likiwa jekundu, wasiwasi wangu huzidi.

Leo usiku simama mbele ya kioo penye mwanga. Vuta mashavu, inua ulimi utazame chini yake na pembeni. Doa au kidonda kikipita wiki 2 bila kupona, nenda kwa daktari wa meno, hata kama hakiumi. Mwambie ukweli kuhusu tumbaku unayotumia. Anahitaji kujua pa kutazama.