Sindano ya chini ya ngozi: tunaogopa kisichodhuru, tunazoea kinachodhuru

"Hewa ikiingia, umekufa." Hofu hii huwatetemesha wengi siku ya kwanza. Sindano ya chini ya ngozi haiingii kwenye mshipa; dawa huachwa katika mafuta yaliyo chini ya ngozi, na kiputo kidogo humo hakiui mtu. Ubaya wake ni kwamba hukaa mahali pa dawa, ukapata dozi pungufu. Ndiyo maana kalamu ya insulini, yaani kifaa cha kuchomea chenye dawa ya kushusha sukari ndani yake, hujaribiwa kwanza kwa uniti 2, mpaka tone lionekane kwenye ncha. Bomba la enoksaparini (dawa ya kuzuia damu kuganda) lililojazwa kiwandani ni tofauti: ukiandikiwa dozi yake yote, kiputo usikitoe, maana utamwaga na dawa.

"Nachoma palepale kwa sababu hapaumi." Hii ndiyo ninayoihofia kuliko zote, kwa sababu haina maumivu ya kumshtua mtu. Insulini ikirudiwa sehemu moja, mafuta ya hapo huvimba. Kweli hapaumi, lakini dawa inanyonywa ovyo, leo polepole, kesho ghafla. Sukari inapanda, mgonjwa anaongezewa dozi, kumbe tatizo ni mahali anapochoma.

Jichunguze ukiwa unaoga: pitisha vidole vyenye sabuni tumboni na mapajani, polepole, utahisi hata uvimbe usioonekana kwa macho. Ukiupata, usichome tena hapo. Ila zungumza na daktari au muuguzi wako mapema, maana dozi ileile ikiingia mahali pasipo na uvimbe inaweza kushusha sukari kupita kiasi. Kuanzia hapo, hama kila mara: tumboni, ukikaa sentimita 5 mbali na kitovu, au upande wa nje wa paja, na tundu jipya liwe angalau sentimita 1 kutoka lile la mwisho.

"Sindano ndefu ndiyo inayofikisha dawa." Kwa kalamu ya insulini, milimita 4 zinawatosha watu wazima karibu wote, wanene kwa wembamba, ikichomwa wima. Ndefu inaweza kugusa msuli, na insulini ya msuli hufanya kazi haraka mno. Kama uliyopewa ni ndefu, finya ngozi kwa vidole viwili, na usiachie mpaka dawa iishe.

"Vuta nyuma uone damu, kisha sugua." Kuvuta hakuhitajiki hapa. Kusugua kunaleta michubuko, hasa kwa dawa za kuzuia damu kuganda. Bonyeza tu taratibu kwa pamba kavu. Kwa kalamu ya insulini, bonyeza kitufe mpaka mwisho, hesabu hadi 10, ndipo uchomoe.

"Bomba ni bomba." Hapana! Insulini iliyo ya kawaida zaidi ina uniti 100 katika mililita 1, kwa hiyo uniti 10 ni mililita 0.1 tu. Anayepima kwa bomba la kawaida akakosea nukta moja amejichoma mara kumi ya dozi, na hilo linaua. Insulini ya kichupa ivutwe kwa bomba la insulini lenye alama za uniti, linalolingana na nguvu iliyoandikwa kwenye kichupa. Ukiona namba hazifanani, usichome kabla ya kumuuliza mfamasia.

"Tukibadilisha sindano, kalamu tunaweza kuchangia." Hata mume na mke wasichangie. Damu kidogo isiyoonekana inaweza kurudi ndani ya kalamu yenyewe na kubeba homa ya ini au virusi vya UKIMWI. Mwenye kalamu ni mmoja.

"Ukiifunika, sindano iliyotumika haina hatari." Wengi hujichoma wakati huohuo wa kurudisha kifuniko cha bomba kwa mikono miwili. Sindano ikitoka mwilini iingie moja kwa moja kwenye chombo kigumu cha plastiki chenye mfuniko, kilichowekwa pasipofikiwa na watoto. Kikifika robo tatu, kifunge na uulize kituo cha afya kinapokewa wapi. Mfuko wa takataka hutobolewa, na anayechomwa ni mzoataka asiyejua kilichomo.