Utafiti wa Chuo Kikuu Unavyofika Kwenye Sheria ya Mtoto

Mwaka 1998 Bunge la Tanzania lilipitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana, maarufu kama SOSPA, na kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18 kukawa jinai yenye kifungo cha miaka 5 hadi 15. Watafiti waliofuatilia utekelezaji wake katika vijiji vya Dodoma na Singida walikuta umri wa kukeketwa unashuka. Badala ya binti mkubwa kukeketwa kwa sherehe, mbele ya ukoo mzima, mtoto mchanga alikuwa akikatwa ndani ya nyumba, kimyakimya, na sababu iliyotolewa ni lawalawa.

Lawalawa ni jina ambalo wenyeji hulipa maambukizi ya njia ya mkojo na sehemu za siri kwa watoto wa kike: muwasho, uchafu, mtoto kulia anapokojoa. Wengi waliamini ni laana ya mizimu na kwamba dawa yake ni kukata. Ukweli ni kwamba maambukizi hayo yanatibika zahanati kwa dawa za kawaida, na kidonda cha kukeketwa huzidisha hatari ya maambukizi.

Sheria ya 1998 ilimfikiria binti anayeweza kukimbilia kwa mwalimu au polisi na kusimama mahakamani. Mtoto wa wiki tatu hatoi ushahidi, na wanaojua kilichotokea ni mama, bibi na ngariba. Kuongeza miaka ya kifungo hapo hakubadilishi kitu. Kinachohitajika ni mtu anayemwona mtoto mara kwa mara, yaani muuguzi wa kliniki, na mwongozo ulioandikwa wa nini afanye akiona kovu. Hata mwongozo huo una mtego: mama akijua kliniki ni njia ya kwenda polisi, ataacha kuleta mtoto, na chanjo zitakosekana. Mambo haya hayaonekani kwa kusoma sheria pekee, mpaka mtu aende kijijini akaulize.

Takwimu nazo zinahitaji kusomwa kwa uangalifu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015–16 ulikuta asilimia 10 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 nchini wamekeketwa, na kwa mkoa wa Dodoma ni asilimia 47. Mwanamke wa miaka 40 aliyehojiwa wakati huo anatueleza yaliyofanyika miongo kadhaa nyuma. Kuhusu mabinti wa sasa anaulizwa mama, naye anajua kwamba jibu la ndiyo ni kukiri kosa la jinai. Kwa hiyo takwimu ikishuka, mtunga sera aulize kwanza kama kilichoshuka ni vitendo au ni ujasiri wa kusema.

Utafiti uliobadilisha sera kwa kiwango kikubwa nchini ni ule wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika mwaka 2009 na kutolewa 2011, kazi ya UNICEF, kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani (CDC) na Chuo Kikuu cha Muhimbili. Ulihoji vijana wa miaka 13 hadi 24, ukaonyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18. Uzito wake haukutokana na takwimu peke yake. Wizara husika zilishirikishwa tangu maandalizi, kwa hiyo matokeo yalipotoka hakuna aliyeweza kuyaita ya wageni. Baadaye ukaja MTAKUWWA, mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto wa 2017/18 hadi 2021/22, uliounganisha mipango minane iliyokuwa imetawanyika na kuweka kamati za ulinzi wa wanawake na watoto kuanzia taifa hadi kijiji.

Tasnifu nyingi haziendi popote, na sababu mara nyingi ni swali lenyewe. Ukiuliza "changamoto za utekelezaji wa Sheria ya Mtoto ya 2009", utaishia na pendekezo kwamba elimu itolewe kwa jamii. Hakuna kifungu kinachobadilika kwa sentensi hiyo. Chukua badala yake majalada ya kesi za watoto za miaka mitatu kutoka mahakama moja ya wilaya, tuseme Kongwa au Mpwapwa. Kwa kila jalada andika tarehe ya kufunguliwa, umri wa mtoto na namna ulivyothibitishwa, idadi ya maahirisho, na jinsi lilivyofungwa. Ikionekana kesi zinakufa kwa sababu mashahidi hawaji, huenda familia zimeshamalizana nyumbani, na dawa itakuwa nauli na ulinzi wa shahidi. Ikionekana zinakwama kwenye umri, tatizo ni cheti cha kuzaliwa. Majibu hayo mawili yanahitaji marekebisho tofauti kabisa.

Kisha mtafiti ajue mlango wa kubisha. Sheria mama hubadilishwa na Bunge. Kanuni hutungwa na Waziri. Kanuni za viboko shuleni, kwa mfano, zilipunguza idadi ya juu kuwa vinne na kutaka kila adhabu iandikwe kitabuni, kwa hiyo kulinganisha kitabu hicho na maelezo ya wanafunzi ni utafiti wenye mlango wake tayari. Kurudi shuleni kwa wasichana waliojifungua kuliruhusiwa kwa waraka wa elimu wa 2021, bila muswada wowote. Halmashauri nazo zina sheria ndogo.

Mahakama ni mlango pia. Rebeca Gyumi, mwanaharakati wa haki za wasichana, alipinga vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya 1971, vilivyoruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi. Alishinda Mahakama Kuu mwaka 2016, na tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana naye, ikitoa mwaka mmoja sheria irekebishwe. Mwaka huo ulipita bila marekebisho. Wanawake wa miaka 20 hadi 24 walioolewa kabla ya 18 walikuwa asilimia 31 mwaka 2015–16, na 29 mwaka 2022. Hukumu inahitaji watafiti wanaoendelea kupeleka ushahidi baada ya kesi kwisha.

Kwa muswada, muda ni mfupi mno. Ukishasomwa mara ya kwanza hupelekwa kwenye kamati ya kudumu, na kamati huita wadau, mara nyingi kwa taarifa ya siku chache tu. Mbunge hatasoma kurasa 200. Mpe kurasa mbili kwa Kiswahili na jedwali: kifungu, maneno yaliyopo, kasoro, maneno unayopendekeza, ushahidi. Safu ya nne ndiyo wengi huiacha wazi, nayo ndiyo mwandishi wa sheria anayoitafuta.

Yote haya yasimfanye mtoto kuwa malighafi. Pamoja na kibali cha utafiti na barua za mkoa na halmashauri, pata ridhaa ya mzazi na ya mtoto mwenyewe, na umhoji kwa lugha anayoota nayo, iwe Kigogo, Kirangi au Kisandawe. Kabla ya hojaji ya kwanza, kubaliana na afisa ustawi wa jamii na dawati la jinsia na watoto la polisi nani atapokea simu mtoto akisema anaumizwa. Usiahidi siri usiyoweza kuitunza. Mweleze mapema ni jambo gani utalazimika kulipeleka mbele, na kwa nani.