Demokrasia ya vyama viwili: chama kina kazi gani?

Wengi wakisikia "mfumo wa vyama viwili" hudhani ni nchi ambayo sheria yake inaruhusu vyama viwili tu. Sivyo. Marekani ina vyama vingine kadhaa, ila kwa zaidi ya miaka 150 kila rais ametoka Republican au Democratic.

Chanzo ni namna kura zinavyohesabiwa. Pale ambapo anayeongoza, hata kwa kura moja, huchukua kiti, wengine wote huondoka mikono mitupu. Mwaka 2000, katika jimbo la Florida, George W. Bush wa Republican alimpita Al Gore wa Democratic kwa kura 537, na jimbo hilo ndilo lililoamua urais. Mgombea mwingine, Ralph Nader, ambaye mawazo yake yalikaribiana zaidi na ya Gore, alikuwa amepata zaidi ya kura 97,000 humo humo. Baada ya matokeo kama hayo, wenye mawazo yanayokaribiana huona heri wakae chini ya paa moja.

Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya chama: kukusanya. Katika nchi za vyama vingi, muungano huundwa baada ya uchaguzi, vyama vikigawana wizara. Penye vyama viwili muungano huundwa kabla, ndani ya chama chenyewe. Wafanyakazi, wakulima, wenye mitaji na watu wa dini hubishana kwenye kura za maoni, yaani kura za ndani ya chama za kumteua mgombea, na wakati wa kuandika ilani, kisha hutoka na mgombea mmoja. Ndiyo maana kura za maoni zisidharauliwe: katika ngome ya chama, aliyezishinda huwa ameshapata kiti.

Kazi ya pili ni ya aliyeshindwa, na kwangu mimi hapo ndipo penye uzito wote. Uingereza huilipa kazi hiyo: tangu 1937, Kiongozi wa Upinzani analipwa mshahara wa serikali kwa wadhifa huo. Kila waziri ana waziri kivuli wa kumfuatilia, na kila Jumatano Bunge linapokaa, kiongozi huyo husimama mbele ya Waziri Mkuu na kumuuliza maswali sita. Wananchi wanaona serikali mbili, moja kazini na nyingine ikijiandaa.

Utayari huo hurahisisha hata kukubali kushindwa. Nchini Ghana, vyama vikubwa viwili, NPP na NDC, vimekuwa vikipokezana madaraka. Uchaguzi wa 2020 ulikipa kila kimoja viti 137 bungeni, na kiti kimoja kikaenda kwa mgombea huru. Desemba 2024, mgombea urais wa NPP, Mahamudu Bawumia, alimpigia simu John Mahama wa NDC kumpongeza kabla tume ya uchaguzi haijatangaza matokeo. Chama kinachojua kuwa zamu yake itarudi hakina sababu ya kuchoma daraja.

Udhaifu wa mfumo huu ni pale vyama vyote viwili vinaponyamazia jambo. Mwananchi alipeleke wapi? Mara nyingi ni mgombea wa tatu anayelisema, hata kama hashindi. Mwaka 1992 mgombea huru wa urais, Ross Perot, alipigia kelele nakisi ya bajeti ya Marekani, yaani serikali kutumia kuliko inavyokusanya, akapata karibu asilimia 19 ya kura za wananchi bila kura hata moja ya wajumbe wa majimbo, ambao ndio humchagua rais rasmi. Vyama vikubwa vikaing'ang'ania hoja yake, na mwaka wa fedha wa 1998 bajeti ikafungwa na ziada.