Shilingi elfu kumi zinanunua uniti ngapi?

Mwaka 2023 niliingia kidato cha kwanza na risiti ya LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, ya nyumbani kwangu, nikainakili ubaoni. Mada ilikuwa asilimia. Nilikuwa nimeifundisha miaka mingi kwa mifano ile ile ya muuza mashati aliyepunguza bei, wanafunzi wakiipata Jumatatu na kuisahau Ijumaa. Siku hiyo niliifunika mistari ya chini ya risiti, nikawapa machache tu: nimelipa shilingi 10,000, uniti moja ni shilingi 292, kuna VAT (kodi ya ongezeko la thamani) 18%, REA (tozo ya umeme vijijini) 3% na EWURA (tozo ya mdhibiti wa nishati) 1%. Nimepata uniti ngapi?

Karibu darasa zima walipita njia moja. Makato yote yakijumlishwa ni 22%. Asilimia 22 ya 10,000 ni 2,200. Zinabaki 7,800, gawanya kwa 292, jibu uniti 26.7. Nikafunua risiti: 28.1.

"Mwalimu, wamekuzidishia, usiwaambie!" akasema mmoja wa nyuma, darasa likaangua kicheko.

Hawakuzidisha kitu. Kwenye risiti kuna mstari wa gharama ya umeme wenyewe, 8,196.72, na makato yote yanapigwa juu ya mstari huo, wala hayapigwi juu ya zile 10,000 nilizotoa mfukoni. VAT ni 1,475.41, REA 245.90, EWURA 81.97. Jumlisha vyote na gharama, unarudi kwenye 10,000 kamili. Kwa hiyo njia ni kugawanya 10,000 kwa 1.22 kwanza, halafu kwa 292. Ukikokotoa, utapata 28.07, na mashine huandika 28.1.

Kilichonigutusha ni kwamba wanafunzi wale hawakukosea hesabu hata moja. Walikosea kusoma. Waliichukua risiti kama aya ya kitabu, kuanzia juu kwenda chini, kila namba wakidhani inahusu namba ya kwanza waliyoiona. Risiti haisomwi hivyo. Kila mstari unaouona uulize: wewe umetozwa juu ya nini? Na hakuna aliyewahi kuwafundisha, mimi nikiwa wa kwanza katika hao, kwa sababu siku zote niliamini kusoma ni kazi ya mwalimu wa lugha na kwamba mimi wa hisabati nawapokea wakiwa wameshajua.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikikusanya matini. Nasema matini kwa maana pana: risiti, tiketi, jedwali, barua ya zamani, tangazo la mnada, maelezo ya kwenye boksi la dawa, hata maneno ya mzee ambayo hayajaandikwa popote. Kila aina ina hila zake, na hila hizo ni sehemu ya somo husika.

Wiki iliyofuata mwanafunzi alileta risiti ya kwao. Shilingi 10,000 vilevile, bei ileile ya 292, lakini uniti 23.9 tu. Nikawaachia wenyewe wabishane. Ilikuwa risiti ya kwanza ya mwezi, na kodi ya jengo, shilingi 1,500, ilikuwa imekatwa kabla ya kitu kingine chochote. 8,500 gawanya kwa 356.24, hesabu inakaa sawa. (356.24 ni 292 pamoja na makato yake. Walipoigundua namba hiyo peke yao nilikaa kwenye kiti nikanyamaza, jambo ambalo kwangu si rahisi.) Hakuna zoezi la kitabu ambalo lingenipa wanafunzi wanaotaka kujua kwa nini majibu mawili tofauti yote ni sahihi.

Matini ninayoipenda zaidi sasa ni boksi tupu la dawa ya mseto ya malaria, ile ya vidonge vya artemether miligramu 20 na lumefantrine 120. Nasisitiza: tupu. Ndani yake kuna jedwali: mgonjwa wa kilo 5 hadi chini ya 15 kidonge kimoja, 15 hadi chini ya 25 viwili, 25 hadi chini ya 35 vitatu, 35 na kuendelea vinne. Mara mbili kwa siku, siku tatu.

Nauliza, mtoto wa kilo 25 kamili anameza vingapi? Darasa hugawanyika. Hapo maneno "chini ya", ambayo kwenye mada ya vitosawa, yaani hesabu za kubwa kuliko na ndogo kuliko, huwa alama kavu isiyo na uhai, ghafla yana uzito wa kidonge kizima. Halafu swali la pili: dozi ya kwanza amepewa saa mbili usiku, ya pili anapewa lini? Wengi husema asubuhi akiamka, kwa kuwa wamesoma "mara mbili kwa siku" wakaishia hapo. Lakini maelezo yanasema dozi ya pili ni saa nane zikishapita tangu ya kwanza, yaani saa kumi alfajiri, na zinazofuata ndizo za asubuhi na jioni. Maelekezo ya dawa ni matini ambayo sentensi ya jumla hurekebishwa na sentensi ndogo iliyo chini yake, na anayesoma haraka huipita. Mwenzangu wa baiolojia huchukua boksi lilelile akaanzia pale panaposema dawa imezwe pamoja na chakula au maziwa. Kwa nini? Kwa sababu lumefantrine hufyonzwa vizuri zaidi penye mafuta, na hapo ana kipindi kizima cha umeng'enyaji mkononi.

Kwenye historia mimi ni mgeni tu, ila nimekaa nyuma ya darasa la mwalimu mwenzangu akifundisha barua ya Machemba. Huyu ni kiongozi wa Wayao kusini mwa Tanganyika ambaye mwaka 1890 alimjibu Hermann von Wissmann, kamanda wa Wajerumani, kwa Kiswahili. Kitabu cha kiada humtaja katika orodha ya waliopinga ukoloni, basi. Barua yenyewe ina mengi zaidi: anasema ikiwa ni urafiki yuko tayari, leo na siku zote, kuwa chini ya mtu, hapana, na kwenda pwani kuitikia mwito haendi, mwenye nguvu amfuate.

Mwalimu yule hakuuliza "barua inahusu nini". Aliuliza: amekubali nini, amekataa nini? Anamwandikia nani, na ni nani wengine alijua wataisoma? Wanafunzi walichukua muda kuona kwamba mtu anaweza kukataa kwa kuanza na kukubali. Kisha akawarudisha kwenye aya ya kitabu, akauliza maswali yaleyale: hii nayo kaandika nani, kwa ajili ya nani? Kimya. Walikuwa hawajawahi kufikiri kwamba kitabu cha kiada kina mwandishi.

La kuchekesha, au la kuliza, ni kwamba siku ile barua iliyoandikwa kwa Kiswahili tuliisoma kwa Kiingereza, maana ndiyo lugha ya kipindi. Sasa kuna somo la Historia ya Tanzania na Maadili linalofundishwa kwa Kiswahili, kwa hiyo angalau mlango huo umefunguka.

Jiografia nitaigusa tu. Niliwahi kufundisha shule ya pwani, nikapeleka jedwali la maji kupwa na kujaa. Watoto wa wavuvi walilikodolea macho kama lugha ya kigeni, mpaka tulipogundua tatizo ni saa: jedwali linasema 16:20, baba zao wanasema saa kumi na dakika ishirini. Tulipotafsiri saa, wao ndio walionisomea mimi: bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, mwezi mpevu na mwezi mwandamo, katikati maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, na kila siku maji huchelewa karibu saa nzima kuliko jana. Sikuwa na la kuongeza ila kueleza jua na mwezi vinavyosaidiana kuvuta.

Nimeharibu pia. Mara moja nilipeleka matini saba katika kipindi kimoja: gazeti, ramani, tiketi ya basi, kipeperushi cha benki, na mengine siyakumbuki. Ilikuwa gulio. Watoto walifurahi sana na hawakujifunza kitu. Siku hizi matini moja, mbili zikizidi, na iwapo mbili basi ziwe zinapingana. Na mthibiti ubora mmoja, mkaguzi wa shule, aliwahi kuniandikia kwamba andalio langu la somo limetoka nje ya kitabu. Nilikasirika, lakini upande mmoja alikuwa na haki: risiti ile ilikula vipindi viwili vya dakika 40, na mada zilizobaki hazikujifundisha zenyewe. Ninachofanya ni kuchagua mada mbili au tatu kwa muhula, zile ambazo wanafunzi hukosea kila mwaka kwa namna ileile. Nyingine naenda na kitabu.

Mambo mawili ya kiutendaji kwa anayetaka kujaribu. Futa namba ya mita na ile tokeni ya tarakimu 20 kabla ya kudurufu. Jina la mwenye nyumba vilevile. Na usimwagize kila mtoto alete risiti ya umeme. Niliwahi kufanya hivyo, nikaona mmoja akitazama dawati muda wote. Kwao hakuna umeme. Siku ya tatu alikuja na karatasi ya mashine ya kusaga, imeandikwa kwa kalamu: debe mbili, kilo kadhaa, bei, na salio la wiki iliyopita bila kusema salio hilo ni la nani kwa nani. Tuliijadili hadi kengele ikagonga, na hatukuafikiana.