Weiva siyo kufuta sheria, jamani

Mwezi huu tu hii mara ya nne naona mtu kaandika "Marekani walifuta sheria za mazingira ili wajenge ukuta wa Mexico". Hawakufuta. Walitoa weiva (kwa Kiingereza "waiver"). Yaani sheria ipo palepale ilipo, ila kwa kazi fulani, kwenye kipande fulani cha ardhi, haitumiki. Basi.

Neno lenyewe Waingereza walilitoa kwenye Kifaransa cha Wanormani, maana yake kuacha, kutelekeza (halina maana ya kupunga mkono, nyie mnaoandika "wave ya ada" kwenye magrupu). Na kawaida mtu anaachia kilicho chake. Mwenye nyumba akikwambia kodi ya Desemba achana nayo, sawa, deni lake hilo. Hata kusamehe kwetu ndo hivyohivyo, wewe huwezi kunisamehe deni ninalodaiwa na Mangi wa dukani.

Sasa hapo ndo panaponikera. Sheria ya REAL ID ya 2005 inampa waziri wa usalama wa ndani uwezo wa kuweka kando sheria yoyote ambayo yeye mwenyewe ataona inachelewesha ukuta na barabara zake, iwe ya viumbe walio hatarini kutoweka, ya maji safi, hadi ya makaburi ya wenyeji, na ukitaka kwenda kotini una siku 60 tu na hoja yako lazima iwe ya katiba. Anasamehe deni ambalo hadai yeye! 2020 pale Organ Pipe, Arizona, hifadhi ya tangu 1937, wajenzi wa ukuta, kwa weiva hiyohiyo, walilipua kwa baruti kilima ambacho Watohono O'odham, wenyeji wa asili wa huko, wanakiheshimu, wakang'oa saguaro, ile mikaktasi mirefu yenye mikono unayoionaga kwenye picha za kauboi, wakavuta maji ya chini ya jangwa wakachanganyie zege. Halafu mtalii akikata saguaro hukohuko hifadhini, mita chache nje ya eneo la ujenzi, ni kesi. Sheria si ipo?

Na msiseme ni Trump tu, Oktoba 2023 serikali ya Biden nayo iliweka kando sheria 26 kaunti ya Starr, Texas.

Kwa hiyo ndugu yangu, siku nyingine andika "waliweka kando", au hata "weiva" tu tutakuelewa. Kufuta waachie bunge lao.