Kumpendekeza msanifu mwenzako kwa tuzo: dhana potofu na ukweli

"Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Kwa bidhaa za sokoni huenda ikawa kweli, lakini katika tuzo za usanifu majengo, dhana hii imewanyima wengi heshima yao. Majaji huchagua kati ya majina yaliyowafikia. Julia Morgan wa California alisanifu majengo zaidi ya 700, akafariki mwaka 1957. Nishani ya Dhahabu ya Taasisi ya Wasanifu Majengo ya Marekani (AIA) alitunukiwa mwaka 2014, akiwa mwanamke wa kwanza kuipata. Kazi zake zilikuwepo muda wote huo, zikionekana na kila mtu. Kilichokosekana ni wenzake wa taaluma kuketi na kuandika kwa niaba yake.

Wengine husema kupendekeza ni kazi ya wakubwa. Si kweli. Hata Tuzo ya Pritzker, tuzo kubwa ya kimataifa ya usanifu majengo iliyoanzishwa mwaka 1979, hupokea jina kutoka kwa msanifu yeyote mwenye leseni.

Kuna pia wanaoamini kwamba bila mnara wa ghorofa nyingi huna cha kuonyesha. Msanifu Francis Kéré alijenga shule ya msingi kijijini kwao Gando, Burkina Faso, ikakamilika mwaka 2001: kuta za matofali ya udongo, na paa la bati lililoinuliwa ili hewa moto itoke. Shule hiyo ilipata Tuzo ya Aga Khan ya usanifu majengo mwaka 2004, na mwaka 2022 Kéré mwenyewe akapewa Pritzker, Mwafrika wa kwanza kuipata.

Dhana inayoniuma zaidi ni kwamba jengo ni kazi ya mtu mmoja. Mwaka 1991 Pritzker ilikwenda kwa msanifu wa Marekani Robert Venturi peke yake, ilhali yeye na mkewe, msanifu Denise Scott Brown, walikuwa wamefanya kazi pamoja kwa miongo kadhaa. Scott Brown hakuhudhuria sherehe. Mwaka 2013 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Harvard waliomba kosa hilo lirekebishwe, na jopo la majaji wa Pritzker likakataa. Mwaka huohuo AIA ilibadili kanuni ili nishani yake iweze kutolewa kwa watu wawili wanaofanya kazi pamoja, na mwaka 2016 Venturi na Scott Brown waliipokea kwa pamoja. Anayependekeza ndiye wa kwanza kuamua nani atajwe. Akiliacha jina la mshirika, kulirudisha baadaye ni kazi ngumu mno.

Je, barua ikijaa sifa inatosha? "Mbunifu mahiri, mwenye maono" ni maneno yanayomfaa yeyote, kwa hiyo hayamsaidii mtu. Andika tatizo alilolikuta, alichoamua, na jinsi jengo linavyotumika leo. Je, darasa lina mwanga bila taa mchana? Mafundi waliojifunza mbinu yake wanaitumia kwingine? Barua fupi ya mteja anayeishi ndani ya jengo hilo inaweza kueleza zaidi ya kurasa za mtu mashuhuri asiyewahi kulikanyaga.

Soma kanuni mapema, maana hazifanani: AIA humtunuku hata marehemu, Pritzker ni ya walio hai tu. Na kama kanuni hazidai usiri, mwonyeshe mhusika rasimu kabla hujaituma, umwombe ahakiki nani alichora nini na nani alisimamia ujenzi.